Msitupigie Ndege wa Spika Huku Mkikata Mti Wake

Ndugu zangu, kaka na dada wa kundi letu, na nyinyi watu wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kusema neno (tunawajua, msijifiche), leo nina jambo la ndege. Ndiyo, ndege wenye mabawa, si wale wa uwanja wa Entebbe. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Wiki tatu zilizopita tuliitwa kwenye kikao cha vijana, hapa hapa Nakivale. Tukaambiwa ni kikao cha afya ya akili. Tukafika, watu kama arobaini, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mabati. Mwezeshaji, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu yeye, akaweka spika ndogo mezani, akasema tufumbe macho, tuvute pumzi, tusikilize. Spika ikaanza kuimba. Ndege wengi, sauti laini, kama wako msituni baada ya mvua. Nje, hatua chache kutoka mlangoni, jenereta ya ofisi ilikuwa inanguruma, kwa hiyo mwezeshaji akaongeza sauti. Ndege wakapiga kelele zaidi. Jenereta nayo ikakataa kushindwa.

Mzee mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza, "Huyu ndege ni wa wapi?" Hakuna aliyejua. Mwezeshaji akacheka kidogo, akasema faili alitumiwa tu kwenye simu.

Sasa sikieni kinachoniuma. Tulipotoka tulipita kwenye visiki vitatu. Mwaka jana hapo palikuwa na migunga mitatu, na kwenye matawi yake viota vya mnana vilikuwa vinaning'inia kama vifuko, kelele asubuhi mpaka jioni. Miti ilikatwa ili magari yapate pa kuegesha. Yaani mti umekatwa, ndege amefukuzwa, halafu sauti ya ndege mwingine tusiyemjua imeletwa ndani ya spika, tukaambiwa tutulie.

Hoja yangu ni hii. Sauti ya ndege inamsaidia mtu kweli kweli, na ndiyo maana siikubali ile ya spika. Anayeamini kwamba ndege anatuliza moyo aanze kwa kulinda mti wake. Na asimtumie huyo ndege kuziba pengo la mshauri aliyeondolewa, wala la mgao uliokatwa.

Nianze na sisi wenyewe, kabla sijawafikia watu wa magari.

Baada ya kikao utani ulikuwa mwingi. Mmoja wetu aliandika, "Tuna njaa, banatuletea tena ndege!" Nilicheka mpaka machozi, maana ni kweli. Mwingine akasema mambo ya ndege ni ya wazungu waliostaafu, wale wa darubini na kofia. Hapo sikucheka.

Bibi yangu kule Kivu hakuwa na darubini. Lakini dudumizi akilia mfululizo, ile sauti kama maji yanamwagika kutoka kwenye chupa, bibi alituita tuanue mihogo kwa sababu mvua iko njiani. Saa ya kuamka aliijua kwa tetere kabla redio haijawashwa. Ndege wadogo wakipiga kelele za hasira sehemu moja ya kichaka, alitukataza kupita hapo: kuna nyoka. Na alikuwa na neno moja ambalo sijalisahau: "Ndege wakinyamaza wote pamoja, na wewe nyamaza." Wapo wataalamu leo wanaodhani ndiyo sababu moyo wa binadamu unatulia akisikia ndege. Tangu zamani, ndege wanaoendelea kuimba wametupa habari kwamba hakuna chui, hakuna moto, hakuna mtu anayenyemelea. Hiyo bibi angeweza kuwaambia bila maabara. Kwa hiyo msiwagawie wazungu kitu ambacho ni chetu pia.

Na kama mnataka ya maabara, yapo. Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa programu ya simu inayoitwa Urban Mind. Watu 1,292 walikuwa wanaulizwa mara kadhaa kwa siku: uko wapi, unajisikiaje, unaona au unasikia ndege? Majibu yakapita 26,000. Wakakuta kwamba mtu akiona au akisikia ndege, hali yake ya moyo inakuwa nzuri zaidi, na nafuu hiyo inaweza kudumu mpaka saa nane. Wenye ugonjwa wa sonona nao waliipata, si wale wazima tu. Mwaka huo huo, watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Berlin waliwapa watu 295 dakika sita za kusikiliza, wengine kelele za magari, wengine ndege. Waliosikiliza ndege, wasiwasi ulipungua, na ile hali ya kuhisi kwamba watu wanakuandama nayo ikapungua.

Dakika sita tu, bwana. Kwa hiyo wewe unayesema ni upuuzi, upuuzi si wa ndege.

Lakini sasa nageukia upande wa pili wa meza. Watu wa mashirika, mliosoma tafiti hizi kabla yetu, mbona mmesoma nusu?

Ule utafiti wa Berlin ulikuwa na sehemu nyingine. Hali ya huzuni nzito ilipungua kidogo tu, na ni kwa waliosikiliza ndege wa aina nyingi peke yao. Ila iliongezeka kwa waliosikiliza kelele za magari. Rudieni tena hapo, polepole. Ndege hawakuiondoa huzuni, lakini kelele ya injini iliiongeza. Na sisi tulipigiwa vyote viwili kwa wakati mmoja! Kama ingekuwa ni sayansi mnayoifuata, kitu cha kwanza mngefanya siku ile ni kuzima jenereta, hata kabla ya kuwasha spika. Ingekuwa bure kabisa, na mngeokoa mafuta.

Halafu, watu wa Berlin walikuwa watu wazima wa afya, wamekaa kwao, wanasikiliza kwenye kompyuta. Wa London walikuwa watu wenye simu nzuri na muda wa kujibu maswali. Siwaonei wivu. Nasema tu utafiti ule haukufanyika kwenye foleni ya mgao, wala haukusema kwamba ndege anatibu mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa hesabu mwaka 2019: katika maeneo yenye vita, karibu mtu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo la akili. Kwenye kikao cha watu arobaini, hao ni wanane. Wanane walikuwa wamekaa kwenye viti vile vya plastiki. Baada ya faili la ndege kuisha, walipelekwa wapi? Nyumbani. Mshauri aliyekuwa anakuja kila wiki mkataba wake umeisha, hajarudishwa mwingine. Tukiuliza tunaambiwa bajeti. Faili la ndege halina mkataba, halidai mshahara, halichoki. Nimeelewa kwa nini linapendwa.

Na kuna jambo kubwa zaidi, nimepewa ruhusa ya kuliandika bila jina.

Dada mmoja wa kundi letu alitoka nje kabla ya dakika ya pili. Wengine walidhani ana dharau. Nilimkuta nyuma ya choo, ameshika ukuta, mikono inatetemeka. Aliniambia hivi: "Walikuja alfajiri. Wakati tunakimbia migombani, ndege walikuwa wanaimba vilevile. Watu wanakufa na ndege wanaimba tu." Tangu siku hiyo, sauti ya ndege ya alfajiri kwake si amani. Ni ile asubuhi inarudi. Aliporudi ndani akakuta kwenye orodha ameandikwa kwamba hakushiriki, na soda yake imeshapewa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa nimeamini neno la bibi, kwamba ndege wananyamaza hatari ikija. Kwa huyu dada hawakunyamaza. Sitamwambia kwamba masikio yake yamekosea. Na hapa pia wataalamu wangeweza kuwasaidia kama mngewasoma. Eleanor Ratcliffe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliwauliza watu kuhusu sauti za ndege mbalimbali, wakakuta si kila ndege anatuliza. Inategemea sauti yenyewe, na inategemea kumbukumbu ambayo msikilizaji anayo juu ya ndege huyo. Sisi tulijua zamani. Bundi akilia juu ya paa, nani kati yetu analala usingizi? Mpigie mama yangu bundi kwenye spika, uone kama atakuja tena kwenye kikao chako. Sasa kama bundi tu anahitaji kuulizwa, itakuwaje kwa watu waliokimbia alfajiri? Hakuna aliyetuuliza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini hata kuku anaangaliwa kwanza kama kamba inamkata.

Sasa nije kwenye mti. Hapa nitajigonga na mimi mwenyewe, nisije nikajifanya mtakatifu.

Ndege haimbi ili kutufurahisha sisi. Mara nyingi dume anaimba kumwambia dume mwenzake: hapa ni pangu, usivuke. Na anamwambia jike: njoo, mahali pa kuishi papo. Yaani ule wimbo unaotutuliza ni tangazo la makazi. Fikirini kidogo juu ya hilo, sisi ambao kila kitu tulichonacho kinaanza na neno "ya muda": nyumba ya muda, karatasi ya muda, shamba la muda. Ndege ndiye pekee hapa anayeamka kila siku na kusema bila kibali, hapa ni pangu. Ukimkatia tawi, huwezi kubaki na wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa ni habari ya tawi.

Na tawi tumekata sote. Wakimbizi wamekuwa wanapokelewa Nakivale tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na zaidi ya miaka sitini watu wamepika kwa kuni na makaa. Mimi nimekata. Panga langu liko mlangoni hata sasa. Maharage hayaivi kwa wimbo, jamani. Kwa hiyo msije na semina nyingine ya kutuambia mti ni uhai, wakati mama zetu wanatembea mbali zaidi kila mwezi kutafuta kuni, na dada zetu wanajua wanachokutana nacho huko njiani. Mtu anayepika kwa mafiga matatu halafu anaambiwa alinde mazingira, anaona anatukanwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gesi hamjui mwenye kuni.

Lakini ile migunga mitatu haikupika maharage ya mtu. Ilikatwa kwa ajili ya maegesho. Hapo ndipo nakataa kugawana lawama sawasawa.

Na hatuishi mahali pa bure. Ziwa letu na matete yake, pamoja na Ziwa Mburo, ni ardhioevu iliyoandikishwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Korongo mwenye taji, yule aliye katikati ya bendera ya Uganda, anataga kwenye majani ya ardhioevu na analala juu ya miti. Tangu 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Nchi iliyotupokea imemweka ndege huyo kwenye bendera yake. Wageni wenye adabu wanaheshimu alama ya nyumba waliyokaribishwa, na wageni hapa si sisi tu. Na magari yenye antena ni wageni vilevile.

Najua majibu mawili yanayokuja.

La kwanza ni la vijana wenzangu: njaa kwanza, ndege baadaye. Kaka, dada, mimi nilikuwa kwenye foleni moja na wewe, na mgao uliokatwa kwako ulikatwa kwangu. Lakini nani alitufundisha kwamba mkimbizi ni tumbo peke yake? Tukilikubali hilo, watatuhesabia kilo za mahindi na kusema kazi imekwisha. Mimi nadai chakula, na nadai asubuhi yenye utulivu. Nikidai kimoja, kingine hakifutiki.

La pili ni la watu wa mashirika: fedha zimekatwa, tunafanya tunachoweza, sauti ya ndege ni bure. Naamini fedha zimekatwa. Tumeona wafanyakazi wenu wenyewe wakiaga. Lakini "bure" ni bure kwa nani? Yule dada amelipa. Mnana wamelipa. Na kama kweli hamna fedha, yapo mambo ya kweli yasiyo na gharama, nitawatajia.

Moja, ulizeni kabla ya kupiga sauti yoyote. Semeni mapema: leo tutasikiliza ndege, asiyetaka akae nje, jina lake libaki kwenye orodha na soda yake imngojee. Hilo halina bajeti.

Mbili, zimeni jenereta wakati wa vikao vya afya ya akili, au isogezwe mbali na ukumbi. Kama simu zinahitaji chaji, zichajiwe mchana na sola.

Tatu, acheni faili, tokeni nje. Tuanze asubuhi moja kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu, tukae chini ya miti iliyobaki karibu na ziwa, na wazee wakae nasi. Kila mmoja ataje ndege kwa lugha ya kwao: Kinyabwisha, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kisomali, na Kinyankole cha wenyeji wetu. Nina uhakika wazee wana majina ambayo watoto waliozaliwa hapa hawajawahi kuyasikia. Huo ndio ushauri nasaha ambao bibi angeutambua. Na ndege atakuwa anajulikana ni wa wapi.

Nne, mti wowote ulio karibu na ukumbi, shule, zahanati au kisima usikatwe kabla wanaoutumia hawajaulizwa. Na mkija na miche, msituletee mikaratusi mitupu. Leteni mikuyu, leteni migunga, leteni maembe na mapera. Ndege anahitaji tunda na mdudu, na mtoto naye anahitaji tunda.

Tano, hii ina gharama na sitaificha: majiko yanayotumia kuni kidogo, na nishati ya kupikia. Kila tangi la gesi ni mti uliosimama. Tungi moja lingefanya kazi kuliko semina kumi.

Sita, mrudisheni mshauri. Ndege anaweza kumsaidia mtu aanze siku. Hawezi kumsikiliza. Tofauti kati ya kuimbiwa na kusikilizwa, sisi tunaijua sana.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Visiki vya mgunga vinaweza kuchipua tena kama mbuzi hawajavila. Vile vitatu vya ofisini tuviwekee uzio wa miiba Jumamosi hii, hata kama magari yatalalamika. Atakayeuliza nani ametoa ruhusa, mwambieni ni mnana.

Namalizia na leo asubuhi. Niliamka kabla ya jenereta, nikakaa juu ya kidumu nyuma ya nyumba. Kwa jirani bado kuna mgunga mmoja, mwembamba, na tetere alikuwa juu yake anarudia neno lile lile, kama mtu anayekariri. Kwarara wawili wakapita kuelekea ziwani, wanapiga makelele kama abiria aliyedanganywa nauli. Mama akatoka na kanga begani, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nasikiliza. Nilidhani atanifokea. Akakaa kwenye jiwe, akataja jina la tetere kwa lugha ya kwao, jina ambalo sijamsikia analitamka tangu tuvuke mpaka. Tukakaa hivyo, sijui dakika ngapi, labda ni zile sita.

Kisha akasema, "Kuni zimeisha."

Nikachukua panga. Nikaupita ule mgunga wa jirani, nikaenda kutafuta mbali, nikarudi saa tano. Leo nimeweza. Kesho sijui.